Kanga Zenu na Kuku wa Lombok

Jamani, nimechoka. Tangu nirudi sijakaa Jumamosi moja kwa amani. Mama Furaha ananipigia kutoka Thamesmead, "Dada, utuambie basi." Surjit wa Southall, ambaye Kiswahili chake cha Nairobi kina mbio kuliko treni, alinisimamisha mpaka kwenye foleni ya samaki: "Sasa hizo leso zetu zilifika ama hazikufika?" Na nyinyi wengine wa kikundi chetu mnaguna tu pembeni, lakini najua mnachotaka. Kila mmoja wenu alinipa doti yake ya kanga nimpelekee mkwe wangu mtarajiwa, na mimi nimerudi na picha za bahari. Basi naandika mara moja, kila mtu asome kwake. Mambo ya viza na tiketi siyagusi, yale yana uchungu mtupu.

Kama kuna asiyenijua: mimi ni Mama Idrisa, mtu wa Tanga, naishi Thornton Heath na nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba yao. Mume wangu alinifia Idrisa akiwa bado anabebwa mgongoni. Huyo Idrisa ndiye mtoto wangu wa pekee. Alikwenda Indonesia likizo, akajifunza kuzamia, nasema kuzamia baharini na mtungi wa hewa, si kuzamia meli kama vijana wetu wa bandarini, na akabaki hukohuko kufundisha watalii. Mtoto aliyekuwa akililia ukingoni mwa bwawa la shule! Huko akampata Yati, binti wa kisiwa cha Lombok, anayepokea wageni hapohapo kazini kwake.

Aliponiambia anataka kuoa, nikasema mshenga ni mimi. Najua, kwetu mshenga ni mwanamume mtu mzima mwenye kanzu na maneno. Nimtoe wapi? Mjomba wake yuko Tanga, miguu haimbebi. Na nilikuwa na sababu yangu, ambayo wenye watoto wa kiume London hamhitaji kuelezwa. Tangu Idrisa ana urefu wa kaunta nilimfundisha: ukiingia dukani mikono iwe nje ya mifuko, risiti ishike mpaka ufike nyumbani. Walinzi walikuwa wakimfuata kati ya rafu kama kivuli, mtoto anatafuta daftari tu. Niliapa hakuna mtu atakayemwita mwanangu mwizi. Kwa hiyo kama anaoa, aoe kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, watu waone kwamba ana kwao.

Kutoka Thornton Heath mpaka mawinguni

Surjit alinisindikiza mpaka Heathrow, akanibebesha mfuko wa chevda ya pilipili, vile vitafunio vyao, kana kwamba naenda jangwani. Begi langu kubwa lilikuwa kanga tupu. Juu yake kitenge cha Mama Furaha, maana alisema kwao Bukavu hawana habari za kanga, na pembeni boksi la halua. Nguo zangu mwenyewe nilizisokomeza kwenye mkoba wa mkononi.

Safari ya ndege sina la kuisimulia. Mtu anakaa, analishwa, analala vibaya, anaamka shingo imekauka. Nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba yangu ya posa. Niliitunga kwa Kiswahili kwanza, ile ya "tumekuja kuomba ua katika bustani yenu", halafu nikaihamishia kwenye Kiingereza changu cha kazini. Ilikuwa nzuri, wacha niseme ukweli. Nilijisikia kama nimezaliwa kuwa mshenga.

Jakarta, mvua na mama wa maboksi

Jakarta ilinyesha mvua ambayo London hawaijui. Ndege ya Lombok ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na watu wala hawakugombana. Walitandika vitambaa chini, wakavua viatu, wakafungua vyakula. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, mtandio wa waridi, amezungukwa na maboksi yaliyofungwa kamba. Nilidhani anahama nyumba. Kumbe zawadi! Alinieleza kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba ametoka kumtembelea dada yake, na mtu hawezi kurudi safari mikono mitupu. Kuna boksi la jirani wa kulia, la jirani wa kushoto, na la yule wa mbele ambaye hawapatani.

"Hata yeye?" nikamuuliza.

"Huyo kwanza," akasema.

Nikampenda papo hapo. Akafungua kifurushi cha jani la mgomba, ndani wali, samaki mkavu na pilipili ya kusaga iliyonukia dagaa waliooza, akanisogezea nusu bila kuniuliza. Tukala kwa mkono wa kulia. Huku akila akanihoji: nina miaka mingapi, nimeolewa, mume yuko wapi, amekufa kwa nini, mshahara wangu kiasi gani, mbona nina mtoto mmoja. London mtu hukaa na jirani miaka asijue jina lake, na mimi nimeshaizoea hali hiyo, kwa hiyo mwanzoni nilijikunja. Halafu nikakumbuka shangazi zangu wote wa Tanga wako hivihivi. Nikamjibu yote.

Aliponiuliza nakwenda Lombok kufanya nini, nikamwambia nakwenda kumwombea mwanangu mchumba. Yule mama akaacha kutafuna. "Lombok?" Akaziba mdomo na kucheka mpaka mabega yakatikisika. Akatingisha kichwa, akafanya mkono kama mwewe anayenyakua kifaranga: hapu! Akaonyesha dirishani, "Lombok," hapu tena.

Mimi nikaelewa kwamba Lombok kuna wezi. Nikaukumbatia mkoba wangu mpaka tukatua. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimkazia macho mpaka kijana aliyetaka kunisaidia begi.

Boti inayosubiri ijae

Idrisa alinipokea uwanjani, mweusi wa jua, mabega mapana, ananuka chumvi. Nikamlilia kidogo, akasema, "Mum, please, people are watching." Hapo nikajua ni yeye. Mwanangu Kiswahili anasikia chote ila ananijibu Kiingereza, kwa hiyo mengi ninayomwandikia humu nimeshayatafsiri.

Anafanya kazi Gili Air, kisiwa kidogo mbele ya Lombok. Boti ya umma haina saa. Inaondoka ikijaa. Tulikaa gatini tukiwahesabu watu kwa macho pamoja na magunia ya vitunguu, matofali na trei za mayai. Kahawa nikaletewa kwenye glasi, nyeusi, tamu. Nikainywa kwa kiu mpaka chini, na chini ndiko kulikokaa unga wa kahawa wote. Nikabaki na mdomo umejaa tope mbele za watu, siwezi kutema, siwezi kumeza. Muuza kahawa akaniletea maji bila kusema neno. Baadaye nilijifunza kuacha robo ya glasi, kama wao.

Kisiwani hakuna gari wala pikipiki ya mafuta. Kuna magari ya farasi yenye kengele, baiskeli, na paka wasioogopa mtu. Bafuni nilikuta pipa la maji na kata, nikafurahi kama nimekutana na ndugu. Chumba changu kilikuwa nyuma ya mgahawa wa mama mmoja aitwaye Inaq Marni. Inaq ni mama, Amaq ni baba, na mtu huitwa kwa jina la mtoto wake kama kwetu. Siku ya kwanza tu nikawa Inaq Idris, na sikubadilishiwa jina lingine mpaka naondoka.

Kitu kilichonitesa ni salamu yao. Kila ninayepishana naye ananiuliza nakwenda wapi. Nami nikisimama namweleza: nakwenda dukani kununua sabuni, maana ile niliyokuja nayo imevuja begini. Wakinisikiliza kwa adabu, wengine wakinisindikiza mpaka dukani. Siku ya tatu hivi Inaq Marni akanionea huruma, akanifundisha kujibu "hapo tu" na kupita zangu.

Asubuhi nilikuwa nakwenda ufukweni na dera langu, naingia mpaka kiunoni, nakaa. Maji ya vuguvugu, yako wazi unaona kucha zako. Ng'ambo ya mlango wa bahari mlima mkubwa umevaa mawingu. Adhana ikitoka kisiwani inajibiwa na ya ng'ambo. Nilikaa nikajisemea, hivi mimi miaka yote hii nilikuwa nakimbilia basi la wapi?

Yati alikuja kunisalimia, akaushika mkono wangu akaugusisha kwenye paji la uso wake. Binti mrefu, mcheshi, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Nikamkagua kama tunavyokagua, mnajua wenyewe. Sikuona kasoro, na nilitafuta.

Kabla ya kwenda kwao kijijini, Idrisa alinikalisha. "Mama, tunakwenda kula tu. Usiseme chochote kuhusu ndoa. Wana utaratibu wao."

"Utaratibu gani unaoizidi posa?" nikamuuliza.

Akaangalia miguu yake. "Nitakueleza baadaye."

Nikasema moyoni, kijana anaona haya. Ndiyo maana mshenga yupo.

Kijijini, kwenye kibanda cha wageni

Kwao Yati ni katikati ya Lombok, mashamba ya mpunga na tumbaku pande zote. Uani kuna kibanda cha wazi, kimeinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya mbao, paa la nyasi. Humo ndimo mgeni anapokelewa. Unavua viatu, unapanda, unakaa. Amaq Yati ni mzee mwembamba, kofia nyeusi, maneno machache. Mkewe, Inaq Yati, alinishika mkono hakuniachia. Alikuwepo na mdogo wake Amaq Yati, mwalimu wa Kiingereza, nikasema moyoni, alhamdulillahi, mkalimani nimepata. Yati mwenyewe alikuwa jikoni.

Chakula kiliwekwa kwenye sinia, tukalizunguka wanne wanne. Wali, kuku wa kuchoma aliyepakwa pilipili mpaka akawa mwekundu, na mboga mfano wa matembele, imemwagiwa nyanya na pilipili tena. Nilitokwa na jasho mpaka kwenye nyusi. Lakini kula sinia moja na watu usiowajua, mkono kwa mkono, ni kitu nilichokisahau. Mioyo yetu ilikuwa imekaribiana. Nikaona, wakati ndio huu.

Nikakohoa. Idrisa akanikanyaga mguu. Nikausogeza mguu.

Nikaitoa hotuba yote. Ua, bustani, mtunza bustani, mkono wa heri, yote. Yule mwalimu alianza kutafsiri kwa sauti, kisha sauti ikashuka, kisha ikawa kama anasoma habari za msiba. Nilipofika "tunaomba mtupatie binti yenu", mke wa mwalimu aliinuka na kwenda kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Amaq Yati alizungusha glasi yake ya kahawa. Hakukasirika, ungemwona ungesema anawaza hali ya hewa. Halafu akasema sentensi moja.

"Kaka yangu anasema," mwalimu akaniambia huku akiangalia mkeka, "kama unaomba kuku, kuku wapo."

Mimi mtu wa Tanga. Kwetu ukienda ugenini ukafungiwa kuku, umeheshimiwa. Nikaweka mkono kifuani, nikasema, "Ahsante sana, tunashukuru, tutampokea kwa furaha."

Wakatazamana. Amaq Yati akanitazama kwa mara ya kwanza vizuri, usoni kabisa. Kisha akaita mtu, akakamatwa tetea mmoja mwekundu, akafungwa miguu, nikakabidhiwa. Kanga zenu nilikuwa nazo kwenye begi pale mlangoni. Niliponyanyuka kuzitoa, Idrisa akanishika kiwiko, "Mama, twende. Sasa hivi."

Kuku kwenye boti

Kwenye boti niliketi kuku mapajani, najisifu. Nikamwambia Idrisa, "Umeona? Mpaka kuku tumepewa."

Ndipo akaniambia. Kwao Wasasak, ndivyo watu wa Lombok wanavyoitwa, binti haombwi. Si wote, siku hizi wapo wanaoposa kama sisi, lakini Amaq Yati ni wa zamani. Anayemtaka binti anamwiba. Binti mwenyewe anajua na ametaka, wanapatana siku, jioni anatoka kwao kimyakimya, anafichwa kwa ndugu wa kijana. Kesho yake ndipo ujumbe wa wazee unapelekwa kwa baba. Kwenda kuomba binti uso kwa uso ni kumwambia baba yake kwamba mwanawe ni kitu cha uani, unachoomba kama unavyoomba kuku.

Nilihisi uso wangu unawaka. Kuku naye akanitazama. "Na mimi nikamchukua," nikasema.

"Na wewe ukamchukua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Idrisa akaangalia maji. "Ningekuambiaje? Kwamba, Mama, nimekuja huku niwe mwizi? Nikuambie wewe?"

Nilimshika yule kuku nikalia kimyakimya, na yule muuza mayai aliyekaa mbele yetu akanipa leso ya karatasi. Nilikuwa nimesafiri nusu ya dunia kumjengea mwanangu heshima, nikaibomoa kwa hotuba. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na mimi nilijifanya ninayajua yote. Kama Amaq Yati amechukia, hatakubali kusimama walii, na bila walii hakuna ndoa. Hapo ndipo tulipokuwa.

Wizi

Siku zilipita. Kuku nilimfunga kwenye mpapai nyuma ya chumba, hakuna aliyethubutu kumchinja. Kisha jioni moja Idrisa akaja kusimama mlangoni, mikono mifukoni, akasema, "Mama, kesho asubuhi pika chai ya watu watatu." Akaondoka. Nikaelewa. Nilikaa nikasoma kila dua ninayoijua, nyingine nikazirudia.

Asubuhi kengele za farasi zikasimama nje. Akashuka Yati, mtandio umekaa upande, mkoba mdogo begani, anacheka na kutetemeka kwa pamoja. Walikuwa wamelala ng'ambo kwa familia ya nahodha wa boti, yeye na mabinti wa nyumba ile, Idrisa barazani na wanaume. Sasa mwenye kuiba lazima amfiche binti kwa ndugu zake. Na ndugu wa Idrisa katika nchi ile yote alikuwa nani? Mimi. Nikawa mficha mali ya wizi, mwanamke mzima mwenye kadi ya kazi ya kulea wazee Croydon.

Yati hakuruhusiwa kutoka. Tulikaa chumbani tukimenya karanga, nikamfundisha maandazi kwenye jiko la Inaq Marni, akanifundisha kuponda pilipili bila kuipeleka machoni. Nikamweleza kuhusu maduka, walinzi na risiti, nikitaka anielewe.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Inaq," akasema, "mimi nimesubiri kuibwa mpaka nimechoka. Rafiki zangu wote waliibwa. Kila nikimwambia Idris, anasema mama yake ataumia. Mwaka mzima. Nikaanza kufikiri hanitaki."

Jamani, ile ilinichoma. Nilimwambia, "Anakutaka. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mlangoni."

"Baba yangu alimwiba mama," akaendelea, "akavuka naye mto wakati wa mvua. Mpaka leo akikasirika, mama anamwambia, mbona ulinibeba? Anayeomba anaweza kuambiwa hapana akaenda zake. Anayeiba amekwisha kuamua."

Mume wa Inaq Marni na mkuu wa kitongoji walivaa sarongi safi wakaenda kijijini kutoa taarifa. Wakarudi mara ya kwanza bila jibu. Amaq Yati amewapa kahawa, amesikiliza, amenyamaza. Wakaenda tena. Mchana ule Yati alijilaza kifudifudi na mimi nikampepea kwa kifuniko cha sufuria ingawa feni ilikuwa inazunguka. Hata mpapai wa nje niliuona umekonda.

Waliporudi ilikuwa alasiri. Mkuu wa kitongoji alivua kofia, akanywa maji kwanza, mpaka nikataka kumpiga. Kisha akasema Amaq Yati amekubali kusimama walii. Na ametuma salamu: "Mwambieni yule mama wa London, sasa amezungumza vizuri."

Yati alinirukia shingoni tukaanguka wote juu ya karanga.

Watu wa upande wetu

Nikaha ilifungwa msikitini, fupi, maneno yaleyale yanayosemwa Tanga na Croydon. Idrisa alitaja jina la baba yake kwa sauti iliyokatika. Lakini kwao ndoa haijaisha mpaka bibi na bwana harusi watembezwe barabarani, ngoma zinapigwa, kwenda kusalimia nyumbani kwa binti, wakisindikizwa na upande wa mwanamume. Ndugu wengi ni heshima. Ndugu wachache, watu wanahesabu.

Inaq Marni akaniuliza, watu wenu wangapi? Nikamwonyesha kidole kimoja, nikajielekezea mwenyewe. Nilicheka ili nisilie. Nilikuwa nawafikiria nyinyi, kila mmoja wenu, mngekuwepo barabara ile isingetosha.

Ndipo nikalikumbuka begi.

Nilizimwaga kanga zote kitandani. Inaq Marni akazishika, akauliza maandishi yanasema nini, nikamsomea moja moja na yeye akazipitisha kwa majirani waliojaa mlangoni. Ile ya Zanzibar, "Wema hauozi", akaichukua mwenyewe. Muuza kahawa wa gatini alipata doti ya bluu ya Mama Zuhura wa kikundi chetu. Dada wa duka la sabuni, mdogo wake, mke wa nahodha, wapishi, wote wakajifunga. Wanaume wa boti walizikunja wakaziweka begani. Kitenge cha Mama Furaha alikitaka mkuu wa kitongoji, akakizungusha kiunoni juu ya sarongi kikamkaa vizuri kuliko kilivyowahi kumkaa mtu. Ya Surjit, ile nyekundu, nilijifunga mimi. Kwa hiyo Surjit, jibu lako ndilo hilo: zilifika, na zilitembea kwa miguu.

Tulishuka kwenye magari nje ya kijiji, tukajipanga. Ngoma zao ni kubwa, mtu anaivaa shingoni kama pipa, na zikipigwa unazisikia mbavuni. Yati na Idrisa walitangulia na mavazi ya dhahabu, nyuma wanawake wa kanga, nyuma wanaume. Magari yote yalisimama. Pikipiki zilisimama. Hakuna aliyepiga honi. Nilitembea taratibu, jua limewaka, pilipili na moshi vikinukia nje ya nyumba za watu, na chini ya kwapa langu nimembeba kuku mwekundu. Ndiyo, nilimchukua. Idrisa alisema, "Mum, no." Nikamwambia, wewe tembea.

Amaq Yati alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake cha wageni. Akatazama ule msururu, kanga baada ya kanga. Akamuuliza mdogo wake jambo, na mwalimu akanitafsiria: "Anauliza, hawa wote ni watu wenu?"

"Wote," nikasema. Wala sikudanganya.

Nikasogea, nikamkabidhi kuku kwa mikono miwili. Nikamwambia mwalimu atafsiri neno kwa neno, na mara hii hotuba yangu ilikuwa fupi: "Kuku niliomba, namrudisha. Binti hatukuomba. Tumeiba."

Mwalimu alimaliza kutafsiri. Kisha yule mzee mkavu akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikasogea, kuku akipiga mabawa mikononi mwake. Akampa mtu kuku, akamshika Idrisa mabegani, akamgeuza uso kwa watu wake na wetu, akapaza sauti neno moja ambalo nilikuwa nimeshalijua kwa wakati ule, kwa kulisikia kisiwa kizima wiki nzima.

"Maling!" Mwizi. Mwizi wangu huyu hapa!

Kijiji kikashangilia. Idrisa akageuka kunitafuta kwa macho, kama alivyokuwa akigeuka dukani akiwa mdogo, kuniangalia kama nimesikia. Nimesikia, baba. Mwanangu ameitwa mwizi mbele ya watu wote wale, na mimi mama yake nikapiga vigelegele.